Slaidi Zilizorudi

Saa mbili kasoro usiku simu yangu ililia. "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Hebu niangalizie hii." Chini ya maneno hayo palikuwa na picha ya duara, pembeni nyeusi, katikati zambarau iliyofifia, imepigwa kwa kuibana kamera ya simu kwenye jicho la hadubini. Mtumaji ni kijana ninayemfahamu kidogo tu. Tulikutana msibani kwa mfanyakazi mwenzetu, akachukua namba yangu. Anaendesha maabara peke yake kwenye kituo cha afya huko ndani kabisa mkoani Dodoma. Mimi nilistaafu mwaka 2024 baada ya miaka 36 ya kazi hiyohiyo, na siku hizi miwani yangu inasoma zaidi meseji za wajukuu.

Nikaikuza picha. Nilijua ni nini kabla sijamaliza kuikuza, na nilijua kwa sababu niliwahi kukikosa. Nilimjibu kwa neno moja, kisha nikampigia. Jambo la kwanza nilimwambia afute picha ile na aitume upya, maana jina la mgonjwa lilikuwa linasomeka chini ya picha.

Tulipomaliza habari za mgonjwa akanieleza shida yake nyingine. Ameitwa kwenye mafunzo ya siku tano mjini. Anayahitaji, kwa sababu anakusanya pointi za mafunzo kwa ajili ya leseni. Lakini mganga mfawidhi amemuuliza swali moja tu: ukiondoka, maabara nani atafungua? Hakuna. Ndipo akaniuliza, "Hivi mama, nyie mlikuwa mnajifunzaje huko?"

Sikumjibu vizuri usiku ule. Hapa nitajaribu.

Niliripoti kazini mwaka 1988, nikiwa na miaka 24, cheti cha msaidizi wa maabara, sanduku la bati na madaftari ya chuo. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya magodoro. Hadubini ilikuwa ya kioo, ile isiyo na taa: unaiweka dirishani, unakigeuza kioo mpaka kishike mwanga wa jua, ndipo unaona. Wingu likipita unasubiri. Saa kumi na moja jioni kazi imekwisha, hata kama mtoto anaungua homa nje ya mlango.

Jambo ambalo chuoni hawakunieleza ni upweke wa kazi hii. Muuguzi akikosea kufunga bandeji, muuguzi mwenzake anaona. Mganga akiandika dawa isiyofaa, anayetoa dawa dirishani anaweza kushtuka. Ila mimi nikiandika kwenye kikaratasi "wadudu wa malaria wameonekana", hakuna mtu kituo kizima anayeweza kuinamia jicho la hadubini akasema hapana. Nilichoandika kiligeuka kuwa ukweli pale pale. Mgonjwa alimezeshwa klorokwini kwa neno langu.

Na wadudu niliwaona wengi mno. Wagonjwa walitoka kwangu wakisema "nina malaria tatu", "mimi nimekutwa na malaria tano", namna watu wanavyosema mpaka leo, kana kwamba ni idadi ya ng'ombe. Ile tano maana yake ni wadudu watano waliohesabiwa kwa kila chembe nyeupe 200 za damu. Ukikadiria chembe nyeupe 8,000 kwenye mikrolita moja, unapata wadudu 200. Si wengi, ila neno "tano" lilimtisha mtu kuliko hesabu yenyewe. Sifa yangu ikaenea. Wakasema yule binti wa maabara ana macho.

Mwaka uliofuata akaja mratibu wa maabara wa wilaya, mzee mwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimeandaa rejista na kupiga mistari kwa wino mwekundu. Hakuigusa. Alinawa mikono, akavuta kigoda, akaniambia, "Nitoboe kidole." Nikamtoboa. Nikatengeneza tone nene, likakauka, nikalitia rangi ya Giemsa kama kila siku, nikaangalia.

"Una malaria tatu, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu. Akafungua mkoba wake akatoa karatasi ya kuchujia, chupa ndogo ya rangi na chupa ya maji yaliyopimwa uchachu wake, pH 7.2. Akachukua tone jingine kutoka kidole kilekile, akalipaka rangi yake aliyoichuja. Tulikaa kimya dakika kumi tukisubiri rangi ishike. Nikaangalia eneo baada ya eneo. Hapakuwa na kitu. Chembe nyeupe zilisimama safi, viini vyake vya zambarau, na nyuma yake weupe mtupu.

"Mwanangu," akasema, "umenipa malaria ya chupa."

Rangi yangu ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuchujwa na ilikuwa imejaa chenga. Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi, kama visima vingi vya Dodoma, nayo yaliharibu rangi na kuongeza takataka. Chenga zile, ukiwa na haraka na njaa ya kuona, zinafanana na wadudu. Mzee aliondoka jioni bila kusaini rejista. Aliniachia karatasi za kuchujia kumi na mbili, nikazitumia kwa ubahili, na "malaria" katika kijiji kile ikapungua bila mbu hata mmoja kufa.

Ziara ile ilichukua kama saa tatu. Kozi zote nilizohudhuria baadaye, hakuna iliyonigeuzia kazi yangu kwa kiasi kile, na mara nyingi nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu alikosoa rangi yangu, maji yangu na macho yangu. Hakuja na mfano wa maabara ya mtu mwingine.

Lakini mzee yule alikuwa na vituo vingi na petroli kidogo. Hakurudi kwa karibu miaka miwili, na katikati ya muda huo ndipo alipokuja mama mmoja mjamzito.

Alikuja mara ya kwanza anatetemeka. Nikapima, sikuona wadudu. Akapewa klorokwini hata hivyo, kama ilivyokuwa desturi. Homa ikashuka, akarudi kwake. Baada ya siku kadhaa akaja tena, homa ileile. Hakuna wadudu. Akaja mara ya tatu akiwa amebebwa kwenye baiskeli. Nikaandika tena kwa mwandiko wangu mzuri: hakuna wadudu. Siku hiyo mganga alimpeleka hospitali ya mbali kwa gari la kubeba mahindi. Alipona. Mimba ya miezi saba ilitoka.

Barua ya hospitali ilirudi na mstari mmoja: homa ya papasi. Slaidi zake tatu nilikuwa nazo bado kwenye boksi. Niliitoa ya tatu, nikakigeuza kioo kwenye jua. Ilinichukua muda, maana vijidudu hivi katika damu huwa vichache. Kisha nikaviona vimelala kati ya chembe kama nywele zilizojisokota, vyembamba, vyenye mawimbi. Vilikuwepo siku zote. Nilivipitia nikitafuta pete za malaria, na kila palipokosekana pete nilisogeza slaidi mbele.

Kinachoniuma ni kwamba papasi hakuwa mgeni wa mtu yeyote pale isipokuwa mimi. Wenyeji walimjua kwa jina: yule kupe anayejificha mchana kwenye nyufa za tembe na kutoka usiku kunyonya watu waliolala chini. Walijua hata nyumba ipi anayo. Wataalamu nao walikuwa wamemjua zamani. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alikufa Kasongo, nchini Kongo, Februari 1905, akiwa katika safari ya kuichunguza homa hiyohiyo. Mwaka uleule Robert Koch alikuwa akipekua papasi kwenye njia za misafara za koloni ya Kijerumani, yaani hukuhuku kwetu. Katika madaftari yangu ya chuo ugonjwa huu ulikuwa na nusu ukurasa, na mchoro nilioukopi ubaoni kwa penseli. Miaka themanini na tano ya elimu ilikuwepo, ila haikuwa imefika kwenye dirisha langu.

Tangu siku hiyo niliibandika slaidi ile ukutani kwa plasta, na kila msaidizi aliyepita kwangu alianza kazi kwa kuitafuta nywele ile. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo endelevu ya kituo chetu kwa muda mrefu: slaidi moja, na aibu yangu.

Semina za mjini nazo nilizipata, na sitaki kuzitukana. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1997. Siku tano hotelini, na safari ya kwenda na kurudi ikafanya siku nane. Tulifundishwa mashine ya kuhesabu chembe za damu. Ilikuwa mashine nzuri. Katika sisi ishirini na kitu tuliokuwa ukumbini hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa nayo kazini, wala aliyekuwa na umeme wa kuiwasha. Nilirudi na cheti na mkoba wenye nembo. Posho iliezeka jiko langu kwa bati, na mtu anayeishi kwa mshahara wa msaidizi wa maabara asikubali kuambiwa na yeyote kwamba posho ni tamaa.

Nyuma yangu maabara ilikuwa imefungwa kwa kufuli siku zote nane. Mganga alitibu kwa kukisia. Katika rejista pana ukurasa mtupu wa wiki ile, na kila nilipoufungua niliona ni wagonjwa wangapi waliolipia cheti changu.

Kitu kimoja kilichonifaa nilikipata wakati wa chai. Mwenzangu mmoja wa upande wa Shinyanga aliniuliza mkojo wa kichocho ninauchukua saa ngapi. Nikamwambia alfajiri, ule wa kwanza, ndio mzito. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. "Na watoto waambie waruke kamba kwanza," akasema, "wayatikise." Niliporudi nilikwenda shule ya msingi jirani na vikopo, saa tano mchana, baada ya mapumziko ya kukimbia. Mkojo wa watoto wale nilikuwa nimeupima alfajiri mwaka uliotangulia na kuutangaza msafi.

Mpaka leo sijui ni nani aliyekuwa na mpango wa kutuweka pamoja tuzungumze. Kwenye ratiba paliandikwa "mapumziko".

Kifua kikuu ndicho kilichoniletea utaratibu ninaoutetea hapa. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya alikuja kila robo mwaka, akafungua boksi la slaidi za makohozi, akachagua kadhaa bila kunishauri, akazipeleka kwa msomaji mwingine asiyejua mimi niliandika nini. Majibu yalirudi kwenye fomu. Nilikuwa nazisubiri kama mtoto anavyosubiri ripoti ya shule, na kwa miaka miwili nilikuwa mwanafunzi bora.

Mwaka 2003 ikarudi fomu mbaya. Slaidi mbili nilizoandika kuwa hazina bakteria zilikuwa nao, na si wachache. Nikakasirika, nikasema aliyesoma upya kakosea. Bahati fomu haikuja peke yake; ilikuja na mteknolojia kutoka hospitali ya wilaya, dada mmoja mkimya, amezibeba slaidi zenyewe kwenye pamba. Akaniomba nipake rangi slaidi mpya mbele yake, kama kila siku, akakaa nyuma yangu.

Alipoona ninawasha taa ya spiriti na kuizima upesi, akauliza kwa nini. Kwa sababu spiriti ni chupa moja kwa miezi mitatu, nikamjibu, nabana matumizi. Basi ugonjwa ulikuwa hapo. Rangi nyekundu ya kifua kikuu haiingii kwenye bakteria bila joto. Unapasha mpaka mvuke upande, bila kuchemsha, kisha unaiacha dakika tano. Mimi nilikuwa napasha kama mtu anayewasha sigara. Bakteria hawakushika rangi, nami nikahesabu maeneo yangu mia moja kwa uaminifu mkubwa bila kuona kitu. Uaminifu ule haukumsaidia mtu. Wagonjwa wale wawili tuliwatafuta. Mmoja tulimkuta kwake, anakohoa, analala chumba kimoja na watoto. Wa pili alikuwa ameshaondoka kwenda machimboni, na hatukumpata.

Dada yule alirudi wilayani akaandika ombi la spiriti. Tukaanza kupata chupa tatu. Ni mafunzo gani ya ukumbini yangegundua kwamba kosa la msomaji wa slaidi liko kwenye hesabu za stoo?

Mwaka uliofuata, 2004, ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokutwa na wadudu kwa usomaji makini walikuwa 2,062, yaani chini ya nusu. Niliusikia kwenye kikao na nikainamisha kichwa, kwa sababu nilijua pande zote mbili za aibu ile. Wapo wapimaji wa malaria ya chupa kama mimi wa zamani. Wapo pia waganga ambao ukiwaletea jibu "hakuna" wanaandika dawa vilevile, kwa kuwa maabara imewadanganya mara nyingi wakaacha kuiamini. Baadaye mzigo ule ulihamia kwenye taifodi, kwa kipimo cha Widal kinachotoa jibu "ndiyo" kwa mtu aliyeugua zamani au hata asiyeugua kabisa, na juzi juzi kwenye yutiai. Nendeni zahanati yoyote mkasikilize watu kwenye benchi.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya dawa, na vipimo vya haraka vikaanza kutufikia. Ni msaada mkubwa, nasema kwa moyo mmoja. Tone la damu, dakika kumi na tano au ishirini, mistari miwili. Hata pasipo na umeme wala jua. Lakini hadubini zikaanza kufunikwa plastiki. Vijana waliokuja baada yetu walimaliza mwezi mzima bila kutengeneza tone nene. Kipimo cha haraka kinajibu swali ulilokiuliza tu: malaria ipo au haipo. Homa ya papasi hakiioni, wala mnyoo, wala damu iliyopungua.

Nitakuwa sitendi haki nisiposema kwamba wako walioliona jambo hili. Mwaka 2009 ulizinduliwa Kigali mpango wa kuimarisha usimamizi wa maabara Afrika, unaojulikana kwa kifupi chake SLMTA, na ninavyoufahamu una akili. Haumwiti mtu semina moja ukamwacha. Anahudhuria mara tatu katika muda wa mwaka au zaidi kidogo, na katikati anarudi kwake na kazi ya kurekebisha kitu kimoja cha maabara yake, huku watu wakimfuata kumtazama. Ni kazi ileile ya mzee wa pikipiki na dada wa spiriti, imewekwa kwenye ratiba. Tatizo ni kwamba inaanzia kwenye maabara kubwa zenye watu kumi, ambako mmoja akiondoka tisa wanabaki. Kwa kijana wangu akiondoka mmoja linabaki kufuli.

Kwa hiyo ninawaomba waganga wakuu wa wilaya na wanaopanga bajeti za halmashauri, kwa heshima. Mnapomwita mtu wa kituo cha peke yake mjini, mtoleeni mtu wa hospitali ya wilaya akakae kwenye kiti chake siku hizo. Naye atajifunza mambo ambayo hospitali haiwezi kumfundisha. Boksi la slaidi lipewe nauli kama mnavyompa nauli mkaguzi, na majibu yarudi na mtu anayejua kushika slaidi. Mkaguzi akifika, aanze na chupa ya rangi. Rejista itamsubiri. Na wanaogawa pointi wahesabu slaidi iliyosomwa upya na kukosolewa, angalau kwa uzito wa saa moja ya kukaa ukumbini.

Sasa ile picha. Mgonjwa alikuwa mvulana wa miaka kumi na moja, homa ya pili ndani ya wiki mbili, kipimo cha haraka mara zote hakikuonyesha malaria. Kijana angeweza kuandika "hakuna" akafunga mlango. Yeye alitoa plastiki kwenye hadubini, akachuja rangi, akatengeneza tone nene, akaona kitu asichokijua, akauliza. Nilimwambia amweleze muuguzi kwamba baada ya dozi ya kwanza mtoto anaweza kutetemeka zaidi na homa ikapanda kwa saa chache, asiogope na asimwache peke yake. Dawa alipewa usiku uleule, na siku ya nne baba yake alikuja kumchukua.

Kijana hakwenda mafunzoni, kwa kuwa hakupatikana mtu wa kumshikia nafasi. Slaidi ile haikumpa pointi hata moja. Nimemwambia asiitupe.